Simu Zote Zinapita kwa Mshauri

“Umepona, mwanangu?”

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima kwenye simu, yenye ule upole tunaowapa wagonjwa tukishanong'onezana na daktari nje ya mlango.

“Sijaumwa, mama. Naongea na nani?”

Alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya ujenzi. Namba ya binti aliikuta kwenye kona ya mchoro wake, pale mchoraji anapotia jina lake. Kwa kawaida, alisema, huongea na mshauri wake wa kazi tu, kwani ndiye aliyewaeleza habari za ugonjwa: kwamba binti alizimia, kwamba hawezi tena kukaa na watu, kwamba kazi ameikataa huku analia.

“Tukamchukua mwingine,” alisema mkurugenzi. “Kachora ngazi inapanda vizuri kabisa mpaka ukutani, hapo unageuka unarudi zako. Kama umepona, njoo kesho saa tatu asubuhi. Mwenyewe.”

Simu ilipokatika tu, ujumbe wa mshauri uliingia.

“Mpenzi, leo usitoke. Kila kitu nimeshakupangia. Wewe tulia.”

Jana ujumbe kama huo ungemyeyusha binti. Leo aliusoma mara mbili.

Binti mwenyewe nyumbani walimwita Redio, kwa uchokozi tu, maana aliweza kula, kuosha vyombo na kwenda kulala bila kutoa neno. Alichora ramani za majengo, na mkono wake ulikuwa hauna mpinzani. Kilichomshinda ni usaili. Akiambiwa “hebu tueleze kuhusu wewe”, anatazama zulia mpaka wasaili nao wanaanza kulitazama.

Ndipo akampata mshauri wa kazi wa watu wakimya. Kijana mtanashati, sauti ya kubembelezea watoto. Ofisini kwake viti havitazamani, ili mtu asisumbuliwe na macho ya mwenzake, na mlango umefunikwa sponji, kelele zisiingie. Wala zisitoke, lakini hilo Redio hakuliwaza. Sharti la mshauri lilikuwa moja: mteja hapigi simu za kazi wala hapokei, zote zinapita kwake. Mwongeaji angegoma. Redio alitamani kumbusu. Baadaye alimbusu kweli, akavishwa na pete, harusi mwezi ujao.

Kazi tu ndiyo haikuja. Na mama yake, ambaye zamani alipiga simu hata kueleza mvua imenyesha, alikuwa kimya. Kila Redio alipotaka kumtafuta, mshauri alimwambia mama kaisusia ndoa, ampe muda. Akampa.

Sasa alivaa viatu akatoka.

Mapokezi alikuwepo dada yule yule, aliyekaribisha watu kwa kuonyesha kiti kwa mkono. Mshauri alimsifu kila siku: mteja wangu wa zamani huyu, alikuja anatetemeka, ona sasa alivyotulia. Redio hakuwahi kuisikia sauti yake. Leo dada hakuonyesha kiti. Aliitazama pete ya Redio, kisha akatazama pembeni.

Redio aliingia, akauacha mlango wazi. Akakivuta kiti mpaka kikamkabili mshauri, akaketi.

“Mkurugenzi wa ujenzi amenipigia,” alisema.

Akanyamaza.

Ujanja huo alifundishwa na mshauri mwenyewe, kwa ajili ya usaili. Ukimya wako ni mali, alimwambia akicheka. Sema moja, halafu tulia, mtazame mtu katikati ya nyusi. Sisi waongeaji tukiona shimo lazima tulijaze, hata kwa siri zetu.

“Ahaa, yule mama,” mshauri alitabasamu. “Anapenda maneno yule. Kasema nini?”

Redio alimtazama katikati ya nyusi.

“Mbona unanitazama hivyo? Sawa, nilimwambia huko vizuri. Hukuwa tayari, mpenzi. Wangekutafuna.”

Mshauri alihamisha kalamu, akairudisha ilipokuwa.

“Na wale wa manispaa nao niliwaambia kwa nia hiyo hiyo.”

Redio hakujua kama manispaa walimtaka. Hakupepesa jicho.

“Usinifanyie hivyo. Ongea. Ni mama yako, siyo? Kakupata? Nilimwambia umeomba asikupigie, basi. Mwanamke yule mdomo hauna breki, angeharibu kila nilichojenga.”

Hapo Redio nusura asimame. Alishika kingo za kiti. Mama hakususa. Mama alikuwa ametii.

“Ungepata kazi ungefanya nini?” Sauti ya kubembelezea watoto ilikuwa imekwisha, iliyobaki ilikuwa kavu. “Ungeondoka. Wote wakishajifunza kuongea wanaondoka. Hata huyo hapo nje alitaka kuondoka. Nilipiga simu chache tu, akakuta kila mlango umefungwa. Sasa ametulia. Na wewe utatulia. Mwezi ujao utakuwa mke wangu, hutahitaji simu kabisa.”

Alisema hayo kwa utulivu, kama mtu anayesoma ratiba.

“Nilikuwa mkalimani.”

Wote wawili waligeuka. Dada wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni.

“Mahakamani,” aliendelea, sauti ikikwaruza. “Uliniambia wamekataa kunirudisha.”

Mshauri alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza, shimo likamshinda kulijaza.

Redio aliivua pete, akaiweka mezani.

“Masomo yako ni mazuri,” alisema. “Asante.”

Redio na dada walipofika mapokezi, simu ya mezani ililia. Ndani, kiti kilisukumwa kwa haraka. Mshauri alikuwa anakuja. Dada akawahi kuinua mkono wa simu. Sauti ya msichana ilisikika, ndogo, ya kunong'ona: samahani, mimi ni mtu mkimya, nimesikia hapo mnatusaidia.

“Mdogo wangu,” alisema dada, macho yake kwa mshauri, “usije. Simu zako pokea mwenyewe, hata kama unatetemeka.”

Akakata, akachukua mkoba wake.

Kwenye ngazi Redio alitafuta namba aliyokatazwa. Iliita. Ikapokelewa, na upande wa pili hakukuwa na neno, pumzi tu, za mtu anayeogopa kukosea tena.

“Mama, ni mimi. Sikuwahi kusema usinipigie. Harusi hakuna. Kesho saa tatu nina usaili, na nataka nikueleze yote, kuanzia mwanzo.”

Mama alivuta makamasi kwa muda mrefu.

“Haya,” alisema. “Nani kaifungulia hii redio?”