Pumzi Mbili, Kisha Mpe Mwenzako

Dada yangu mdogo alikuwa na mwanya mpana katika meno ya mbele, na mumewe alipenda kusema kwamba alimwoa kwa ajili ya mwanya ule, maana hewa ilipita bila kulipia. Mumewe huyo, shemeji yangu, watu walimwita Nyangumi. Kwa miaka mingi alizamia chini ya meli kukwangua matumbo yake, na kila alipoibuka alitoa pumzi kwa kelele iliyosikika hadi gatini. Alipoacha kuzamia, aligeuza chumba cha nyuma kuwa karakana, akawa anafufua vifaa vya kale vya kupumulia majini.

Jina kamili la kifaa hicho ni kidhibiti hewa. Nyangumi alikiita kipumulio, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa fundi, nitafuata jina lake. Vile vya zamani vina kopo la shaba la mviringo linalokaa nyuma ya shingo, juu ya mtungi wa hewa. Kutoka kwenye kopo hutoka mabomba mawili ya mpira yenye mikunjo: moja la kuleta hewa, jingine la kutoa pumzi. Mabomba hayo hukutana mbele, kwenye kipande cha mpira ambacho mzamiaji hukiuma. Kipande hicho huitwa mdomo.

Jumamosi moja nilifika kwao asubuhi, kama ilivyo desturi yangu. Chumba kilinuka siki, kwa sababu Nyangumi aliloweka shaba katika beseni la siki na chumvi ili kuondoa kutu ya kijani. Alikuwa ametandika taulo mezani ili skrubu ndogo zisibingirike. Mabomba alikwisha kuyapaka poda, na alifunga mdomo mpya aliotoka kuutoa kwenye pakiti.

"Shemeji, karibu," alisema bila kuinua kichwa. "Usikanyage kitu. Ukikanyaga, ununue."

"Kaka, usimjali," dada yangu aliita kutoka jikoni. "Hata mimi nikikanyaga ananiambia ninunue."

Kipumulio kilichokuwa mezani kilikuwa cha marehemu mwenzake wa kuzamia. Siku ya ajali, hewa ya Nyangumi ilikatika wakiwa chini kabisa, na marehemu akampa mdomo wake. Wazamiaji wana utaratibu wa kupokezana: pumzi mbili, kisha mpe mwenzako, naye avute mbili, akurudishie, hivyo hivyo hadi juu. Walishuka wawili, akapanda mmoja. "Aliachia mwenyewe," Nyangumi alisema, na samaki hawakuitwa kutoa ushahidi.

Mjane wa marehemu ndiye aliyekileta, akitaka kirudishwe katika hali yake. Asubuhi hiyo alikuja kukichukua. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti. Alisimama mlangoni mwa karakana akiitazama ile shaba iliyong'aa.

"Umekipima?"

"Bado, dada. Ndiyo nataka kukipima."

"Kipime kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nitakaa barazani."

Dada yangu akamkaribisha chai. "Ahsante, mdogo wangu," mjane alisema. "Una roho nzuri. Usiweke sukari."

Kipimo cha kwanza hufanywa bila mtungi. Fundi huziba kwa dole gumba tundu la kuingizia hewa, kisha huuma mdomo na kuvuta. Kama kazi ni safi, hakuna kinachokuja. Mpira hukwama midomoni, basi. Nilikwisha kumwona akifanya hivyo mara nyingi.

Aliziba. Akauma. Akavuta.

Hewa ikaja.

Niliisikia ikipita katika bomba, nyingi, laini. Vioo vya dirisha vikaingia ukungu.

"Kinavuja?" niliuliza.

Alitikisa kichwa, akavuta tena. Dada yangu, aliyekwisha kumpa mjane chai, alikuwa mlangoni na sinia mkononi, akisema jambo kuhusu vikombe. Alikatika katikati ya neno. Sinia likaanguka. Alifungua kinywa, lakini kifua hakikuinuka.

Nyangumi alitema mdomo, akamkimbilia. Mara dada akavuta pumzi kwa kishindo, na Nyangumi akashika koo. Uso wake ukageuka rangi ya risasi. Alirudi mezani akipapasa, akauma mdomo, akapumua. Dada akapiga magoti.

Nilielewa pole pole. Wao walielewa haraka kuliko mimi. Katika nyumba ile palikuwa na pumzi moja kwa watu wawili.

Dada yangu alinyoosha kiganja na kugusa midomo yake. Hiyo ndiyo ishara ya wazamiaji ya kuomba hewa. Nyangumi alimfundisha walipokuwa wachumba, wakicheza kupokezana filimbi. Akavuta mbili, akampa. Dada akauma, akavuta mbili, akamrudishia. Mimi nilipouchukua mdomo nivute, mpira ulikwama midomoni. Hapakuwa na kitu. Pumzi yangu ilikuwa kifuani mwangu, na haikuwasaidia.

Nilitoka kwenda barazani. Mjane aliketi na kikombe chake.

"Mama, waondolee," nilimwambia.

"Wanapokezana?"

"Ndiyo."

"Vizuri." Alipuliza chai. "Nikiimaliza hii nitachukua kilicho changu niondoke. Ampe tu mwenzake mpaka hapo. Simwombi zaidi ya alichoombwa na mume wangu."

"Basi inywe haraka!"

"Ya moto," alisema.

Nilirudi mbio. Walikuwa wameketi sakafuni, magoti kwa magoti, kama watoto. "Ni mpaka amalize chai," niliwaambia. "Kikombe kimoja tu. Endeleeni hivyo hivyo."

Dada yangu alikuwa na mdomo. Macho yake yalicheka. Namjua, alikwisha kutulia. Akavuta mbili, akautoa, akaufuta kwa kanga yake ili asimpe wenye mate. Akampa mumewe.

Nyangumi akavuta mbili.

Dada akagusa midomo yake.

Akavuta ya tatu.

"Mpe," nilisema.

Akafumba macho. Nikaona taya zake zikikaza. Dada akagusa midomo tena, kwa upole, kama anayemkumbusha mtu jambo dogo. Nyangumi akamgeuzia mgongo.

Nilimrukia. Nilivuta mabomba, nikampiga usoni, nikamtia vidole katikati ya meno. Akaning'ata hadi mfupa. Mimi ni mzee, na yeye alikuwa na mabega ya kukwangua meli. Nyuma yangu nilisikia visigino vya dada yangu vikigonga sakafu. Kisha sikuvisikia.

Mjane aliingia. Kikombe kilikuwa nusu.

"Hata haijapoa," alisema. Alikiweka mezani kwa uangalifu, juu ya taulo, mbali na skrubu. "Sasa ni chako, Nyangumi."

Daktari aliandika kwamba ni moyo. Lakini wanawake waliomwosha dada yangu walisema maji hayakuacha kumtoka kinywani, na yalikuwa ya chumvi. Msibani Nyangumi aliwaambia watu kwamba alimpa pumzi kwa mdomo wake mwenyewe. "Aliachia," alisema. "Aliachia mwenyewe."

Kipumulio alinipa mimi, kwa kuwa hakutaka kulala nacho nyumba moja. Nilikipaka poda, nikaufunga mdomo kwa kitambaa cheupe, nikakiweka kabatini. Tangu hapo nakisikia. Pumzi mbili nyepesi. Kimya. Pumzi mbili nyingine, nzito. Kimya. Nikikifungua kitambaa nakikuta kimelowa, kina alama za meno za namna mbili. Za kwanza zina mwanya mbele. Za pili ni pana, za mwanamume nisiyemjua. Hakuna anayemnyima mwenzake.

Juzi asubuhi Nyangumi alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama inatoka katika bomba.

"Shemeji... niletee... kile."

"Kimefanyaje?"

"Kifua. Hakuna... niletee."

"Nakuja," nilimwambia.

Nikateleka maji. Nikasubiri yachemke, nikamimina, nikaketi. Sikuweka sukari. Kabatini pumzi ziliendelea, nyepesi kwa nzito. Nilikunywa mpaka mwisho.

Tumemzika jana. Nilipotoka makaburini nilifungua kitambaa. Alama za meno zilikuwa zile zile za namna mbili. Ila pembeni mwa kitambaa, palipokuwa pakavu, palikuwa na alama ya kiganja kipana iliyolowa, vidole vimenyooshwa kuelekea mdomo.

Leo kiganja kimesogea karibu zaidi. Bado hawajampa.