Mtani Aliyevaa Kaniki ya Marehemu

Msibani kwa Bi Mwaisha watu walikuwa wakicheka, na hilo lilimuudhi Shaushi Stambuli tangu alipofika. Askari huyu wa Mjerumani, Msudani asiyejua hili wala lile la Waluguru, alipanda milima kutoka boma la Morogoro kumtafuta aliyemnyonga bibi kizee huyo. Jumbe Hatibu akamchinjia jogoo. Upelelezi wote uliishia kwenye sinia.

Mwaka uliotangulia alimpeleka kitanzini mtu wa Dakawa. Wiki mbili baadaye muuaji halisi akajulikana. Tangu hapo Stambuli alilala ameketi, akanywa pombe asubuhi, na kuwaita wanavijiji wote washenzi, maana kujidharau mwenyewe kulimshinda.

Basi akamwona Dadi. Amejifunga kaniki ya marehemu, anachechemea kama marehemu, anaomba tumbaku kwa sauti ya marehemu, na wafiwa wameshika mbavu.

"Aliyevaa nguo za maiti ndiye muuaji," akasema Shaushi. Akili kubwa hiyo! Akamfunga kamba.

Pili, binti wa marehemu, alimkimbilia. "Bwana Shaushi, huyo mtani wetu! Ndiye aliyemzika mama. Anamwiga ili roho ya mama ipate pa kukaa mpaka jioni, kisha anavua kaniki mtoni na kumuaga. Bado hajamuaga, bwana!"

"Ujinga wenu," akajibu mjinga.

Wakateremka. Katika jua la saa nane Dadi alianza kunuka udongo mbichi. Shaushi akamwamuru aache kuchechemea.

"Si mimi, bwana," Dadi alinong'ona huku akilia. "Si mimi ninayetembea."

Walipokaribia Kilakala kikasikika kikohozi kirefu cha kizee, kisha sauti nyembamba, iliyochoka, isiyo ya Dadi wala ya mtu anayeigiza, ikazungumza polepole kwenye sikio la Shaushi, ingawa Dadi alikuwa hatua tatu mbele yake na mdomo ameufumba, na pumzi ya sauti hiyo ilikuwa baridi shingoni kama ya mtu aliyelala chini ya udongo siku tatu, ikasema, "Mwanangu, Hatibu ndiye aliyeninyonga, nilimkatalia shamba la ukoo. Mfungue huyu anirudishe mtoni."

Bunduki ilimponyoka Stambuli. Alijua ni kweli. Kumwokoa Dadi kulitaka maneno mawili tu mbele ya Mjerumani: nimekosea tena. Mawili! Lakini bomani, Bwana Mkubwa alipouliza muuaji ni nani, mwoga yule akanyoosha kidole kwa Dadi.

Walimnyonga Ijumaa, na kaniki mwilini. Ubao ulipoanguka, Stambuli alisikia sauti mbili zikipiga ukelele pamoja, ya mwanamume na ya bibi kizee. Moja ikakatika.

Ya pili ikamwambia sikioni, "Basi nitakaa kwako."