Godoro la Upande wa Kushoto

Chai ndiyo iliyotoa habari kwanza. Mpimaji aliiacha kwenye meza ya kukunja akaenda kufunga mlango wa nyuma, na aliporudi aliikuta imelalia upande mmoja wa kikombe, kama mtu aliyeinamisha kichwa ili asikie vizuri. Hakuna aliyekigusa kikombe. Mama mkwe wake alikuwa dirishani akitazama mvua. Binti yake alikuwa kitandani huko nyuma, kimya, kama alivyokuwa tangu mama yake azikwe. Walimpa jina la Chiriku kwa sababu ya maneno mengi, na sasa jina hilo lilimkaa kama nguo ya mtu mwingine.

Mpimaji alikuwa mpimaji wa ardhi kweli, na watu wa kazi hiyo hawavumilii kitu kukaa mshazari. Akachukua pima maji, ile rula nene yenye kichupa cha maji na kiputo ndani yake, akailaza mezani. Walipoegesha gari, kiputo kilikuwa katikati kabisa. Sasa kilikuwa kimekimbilia kulia, maana yake kushoto kulikuwa kunashuka.

Gari lao waliliita Kobe. Lilikuwa lori dogo ambalo yeye na mkewe walilijengea chumba mgongoni, Jumamosi baada ya Jumamosi: kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, makabati yasiyofunguka njiani. Mkewe alisema ikiwa kobe anaweza kuhama na nyumba yake bila kumuaga jirani yeyote, nao wataweza. Kitanda kilikuwa na magodoro mawili membamba yaliyolazwa bega kwa bega, kwa sababu mgongo wake ulikuwa mbovu na alitaka gumu, na mumewe alitaka laini. La kushoto lilikuwa la mke. Yeye ndiye aliyekuwa akilala wa mwisho, baada ya kuhakikisha gesi imefungwa, na kila alipopanda alisema, "Sogea kidogo," ingawa nafasi ilikuwa tele. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema lala salama. Tangu afe, godoro lile halikulaliwa. Mumewe alijibana ukutani upande wake, na ile nafasi nyingine aliizunguka kama mtu anavyozunguka shimo.

Safari hii ilikuwa ya kumrudisha mama mkwe kwake. Alikuja msibani, akabaki kuwalea, na sasa alisema nyumba yake itamsahau. Mvua iliwakuta njiani, ikawa nzito hata vifutio vya kioo vikaelemewa, na Mpimaji akakata kona kuingia kwenye uwanda wa majani kando ya barabara. Alikuwa ameshuka kwanza akayakanyaga. Alijiridhisha.

Sasa alishuka tena na kukuta tairi tatu zimesimama juu ya majani kama zilizosimama sebuleni. Ya nne, ya nyuma kushoto, ilikuwa imezama hadi kitovu. Akasimama kwenye mvua akiipima kwa macho. Ardhi ilikuwa ile ile, majani yale yale, na hapakuwa na sababu. Juu ya tairi ile, ndani, ndipo kilipokuwa kichwa cha godoro la kushoto.

Aliwasha injini, akagusa mafuta kidogo, na tairi ikazunguka pale pale ikirusha tope hadi dirishani. Akazima mara moja. Alimweleza mama mkwe, kwa heshima na bila kuulizwa, kwamba gari lililonasa halivutwi kwa nguvu, kwani kadiri tairi inavyozunguka ndivyo inavyojichimbia kaburi. Neno hilo alilijutia lilipokuwa limeshatoka. Akaongeza haraka kwamba unachofanya ni kuchimbua mbele ya tairi, kupunguza upepo wa tairi, kisha kujaza mahali palipo wazi kwa kitu kigumu. Ukijaza, gari linatoka lenyewe.

Basi akajaza. Alitia mawe, yakaenda. Alitia matawi, yakaenda. Mikeka ya mpira ya chini ya viti, mlango wa kabati, ubao wa kukatia nyama: vyote vilishuka taratibu, bila kiputo kimoja, na tope likajifunga juu yake laini. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama na mjukuu wake chini ya mwavuli, alisema tope hilo lina njaa kuliko mashemeji wa marehemu mumewe. Mpimaji alicheka kidogo. Kisha akasikia harufu ikipanda kutoka shimoni, harufu ya pipa la maji lililofunikwa muda mrefu, na ndani yake, nyembamba kama uzi, harufu ya mafuta ya karafuu. Mkewe alikuwa akiyapaka mgongoni.

Alijiambia ni pua tu. Alihitaji kitu kipana, kigumu, kisichozama upesi. Akaingia garini, akatoka amekumbatia godoro la kushoto.

Mama mkwe aliacha kucheka. Alisema lile ni la mwanawe.

Mpimaji hakutaka kubishana na mkwe mbele ya mtoto. Alikuwa amepiga magoti, uso ukiwa karibu kugusa tope, akilisukuma godoro chini ya tairi, na jibu lake alilisemea humo humo shimoni.

"Mama, hili halilaliwi na mtu."

Akalisukuma godoro hadi likagusa tairi.

"Neno hilo ungelisemea ndani, mwanangu," alisema mama mkwe kwa sauti ya chini. "Si hapo."

Mpimaji akapanda, akatia gia ya kwanza. Kobe alitoka kirahisi mno, kama aliyesukumwa. Alipofika kwenye changarawe alishuka kufuata godoro. Hakuliona. Mahali pale palikuwa pamesawazika, bila alama ya tairi, bila kunjo, kama pametandikwa. Na nyuma ya gari, kwenye bati, kulikuwa na viganja viwili vya tope. Vilikuwa chini, usawa wa magoti, vidole vikielekea juu. Aliyesukuma alikuwa amezama nusu ya mwili wake ardhini.

Alivifuta kwa mkono wa shati kabla wengine hawajaviona. Lakini Chiriku alikuwa anatabasamu.

"Mama amesukuma," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mazishi, na baba yake, badala ya kuogopa, alifurahi.

Hawakufika mbali. Mbele, mto ulikuwa umepanda juu ya barabara, na magari yalisimama kwenye kokoto ngumu yakingoja maji yapungue. Dereva wa lori la mbele alikuja na gunia kichwani kama kofia, akazunguka Kobe, akauliza kama mzee amepakia mawe upande mmoja au amepakia wakwe. Mama mkwe alimjibu dirishani kwamba mkwe yuko mmoja tu na amekaa kulia. Dereva aliondoka akicheka. Mpimaji hakucheka. Alitoa pima maji. Kiputo kilikuwa kulia, mwisho kabisa. Alilala chini ya gari akakagua springi: nzima. Tairi: imejaa. Gari zima liliegemea kushoto, nyuma, pale ambapo kitandani sasa palikuwa na mbao tupu.

Giza la mvua liliwahi kuingia. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi, kisu kikitembea polepole, na Chiriku alikuwa nyuma ya pazia la kitandani, akiongea. Mwanzoni Mpimaji aliisikiliza sauti ile kama mtu anayesikiliza redio iliyokuwa imeharibika ikapona. Kisha akagundua kwamba mtoto ananyamaza kila baada ya sentensi, kiasi cha mtu kujibiwa, na kwamba kisu cha mama mkwe kimesimama, na kwamba harufu ya karafuu na maji yaliyooza imejaa chumbani hadi moto wa jiko umegeuka mdogo na wa buluu.

Aliuliza, bila kufungua pazia, anaongea na nani.

"Na mama. Amelala upande wake." Mtoto alisita, kama anayesikiliza. "Anasema ulimwambia kitanda hakina mtu. Anasema asante. Anasema huko chini kuna nafasi ya wawili."

Mpimaji alilivuta pazia, na katika mwanga hafifu wa jiko aliona binti yake amekaa juu ya mbao tupu za kushoto, amejifunika blanketi, uso wake umetulia kama wa mtoto anayesimuliwa hadithi, na alipoliondoa blanketi aliona kwamba miguu yake haionekani kuanzia magotini, kwamba imeingia kwenye mbao zile kavu, alizozipiga randa kwa mikono yake mwenyewe, kama inavyoingia kwenye uji, na kwamba mbao zilikuwa zimeizunguka laini, bila ufa.

Akamshika makwapani akavuta. Chiriku akashuka hadi mapajani. Akavuta tena, kwa nguvu zote za mwili wake, akiwa hana tena hesabu wala kipimo kichwani, na mtoto akashuka hadi kiunoni na kuanza kulia, si kwa maumivu bali kwa baridi, na chini yao kokoto zikasaga, Kobe akainama zaidi, viazi vikaviringika kutoka mezani vikaenda kugonga ukuta wa kushoto kimoja baada ya kingine.

Mama mkwe alimpiga mkononi.

"Usivute," alinong'ona. "Si umeniambia mwenyewe? Halivutwi. Linajazwa."

Alielewa. Kwa miezi yote ile hakuthubutu hata kuweka mkono upande ule, na sasa alipanda, akajilaza juu ya mbao za kushoto chali, kando ya mtoto, akijitanua mabega na miguu mpaka akaijaza nafasi yote iliyobaki. Mbao zilimpokea kama maji ya kisima. Zilimshika kisogo, mgongo, visigino, na kutoka chini yake kitu kikapanda polepole, kirefu kama yeye, kikamlalia mgongoni kwa mkao ule ule, goti nyuma ya goti, na pumzi ikafika sikioni mwake, na ilikuwa ni sauti ya mkewe, na mkwaruzo wake ule wa mtu aliyechoka baada ya kufunga gesi.

"Sogea kidogo, Baba Chiriku."

Kwa muda wote wa msiba hakuwa ameomba kitu kingine duniani. Alihisi mwili wake ukianza kutii wenyewe, bega likiinuka, nyonga ikitafuta ukuta wa kulia ilikozoea. Hata nafasi ya kiganja ingetosha. Alilijua hilo. Na alijua ni nani angetumbukia katika nafasi hiyo, maana mtoto alikuwa amezama hadi kifuani, amemshika kola ya shati.

"Huyo si mwanangu," alisema mama mkwe, na sauti ilimtetemeka, lakini maneno yalitoka sawasawa. "Mwanangu nilimwosha kwa mikono hii. Najua nilipomlaza. Mjibu, mkwe wangu. Wewe ndiye uliyekikaribisha."

"Sogea," ilisema sauti, kwa upendo kuliko mwanzo.

Mpimaji alifumba macho.

"Hapa pana mtu," alisema. "Mimi ndiye ninayelala hapa. Sisogei."

Hapakuwa na kelele. Kitu kile kilikaa kimya chini yake, kama kinachopima kama alimaanisha. Kisha baridi ikamtoka mgongoni, springi zikalia mlio mmoja mrefu, Kobe akanyanyuka upande wa kushoto kwa mshindo uliozima jiko, na Chiriku akawa juu ya kifua cha baba yake, mzima, ametapakaa tope hadi kwapani, akimwuliza bibi yake kwa nini viazi viko chini.

Kulipopambazuka maji yalikuwa yamepungua. Kiputo kilikuwa katikati. Chini ya gari, juu ya kokoto, walilikuta godoro, kavu kabisa, lina bonde refu la mtu aliyelala ubavu. Mama mkwe hakuuliza ruhusa. Alilimwagia mafuta ya taa akaliwasha, akasimama mbele yake hadi likawa jivu, na njia nzima hadi nyumbani kwake hakulizungumzia. Walipoagana alimshika mkwewe mkono kwa muda mrefu, akamwambia alale katikati.

Ndivyo anavyolala. Alimuuza Kobe. Chiriku ameurudia usemaji wake, hata mwalimu wake amelalamika mara kadhaa, na baba mtu hupokea malalamiko hayo kama zawadi. Kitanda cha nyumbani kina godoro moja, pana, na kila usiku Mpimaji hufunga gesi, hujilaza katikati kabisa, mikono ameitanua, na hujisemea kimoyomoyo kwamba hapa pana mtu.

Ila nyakati za mvua huamka asubuhi akijikuta ukingoni, upande wa kulia, amejibana ukutani, na shuka la kushoto limelowa. Hakumbuki kuamshwa. Hakumbuki sauti yoyote. Anajua tu kwamba usingizini ameombwa, naye amesogea.