Udongo wa Shimo la Nyuma

Mfuko ulikuwa umelowa. Mambo yalianza hivyo tu, kwa kitu cha kufutwa kwa kitambaa, na Mama Picha alikifuta. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili, stoo haikuwa na bomba, na mikoba ya kamera, ya lenzi na ya taa yote ilikuwa mikavu. Ulilowa mmoja tu kati ya ile minne ya kuzuilia stendi. Alinusa vidole vyake baada ya kufuta, akajuta kunusa.

Watu hudhani mpiga picha anayefuata kazi zilipo hubeba kamera, basi. Sijui nani aliwadanganya. Nyumba inayouzwa inataka lenzi pana na miguu mitatu ya kusimamishia kamera, la sivyo sebule inatoka kama kabati. Vyakula vya hoteli vinataka lenzi ya karibu na taa ndogo ya pembeni. Lakini picha za watu bustanini ndizo balaa, kwa kuwa zinataka taa kubwa za miavuli juu ya stendi ndefu, na upepo hauna adabu. Ukiingia kwenye mwavuli, taa inakwenda chini na kila kitu. Ndiyo maana kila stendi hufungiwa mfuko mzito miguuni. Mama Picha alisafiri na mifuko mitupu, akaijaza udongo hukohuko kazini, na kazi ikiisha aliumwaga palepale alipouchota. Mumewe, aliyebandikwa jina la Bwana Stendi kwa kusimama saa nzima ameshika kitambaa cha kurudishia mwanga, alisema mgongo wake ndio ulioomba utaratibu huo.

Walikosea siku ya kazi kwenye gofu la nyumba. Mshonaji mmoja alitaka nguo zake zipigwe picha kwenye jumba lililohamwa zamani, ambalo kuta zake zilikuwa zimebanduka rangi vizuri kabisa. Ua wote ulikuwa saruji. Udongo laini walioupata ulikuwa nyuma, juu ya shimo la choo lililofukiwa. Mama Picha alisita. Mumewe akasema kilichooza miaka yote hiyo kimeshakuwa mbolea, wakachota kwa mikono. Jua likawakimbia, wakafungasha mbiombio, na mifuko ikapakiwa garini ikiwa imejaa. Ulikuwa udongo mzito mzuri, na kesho yake walikuwa na kazi bustanini, kwa hiyo hawakuumwaga.

Huko bustanini bibi harusi alisogea hatua moja, kisha nyingine, mpaka akawa nje ya mwanga. Aliporudishwa alisema kwa aibu kwamba pale pana harufu. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye maji, na nzi walikuwa wameshautambua mfuko kabla ya watu. Mama Picha alichuchumaa kuusogeza. Ulikuwa vuguvugu, laini kama tumbo la mnyama aliyelala, na kwenye mshono palichomoza unywele mrefu mweusi ambao, alipouvuta kwa kudhani ni wake, ulikuja na kuja, umelowa ute, bila kufika mwisho. Aliukata kwa mkasi wa maua. Usiku ule alinawa mikono mara sita na bado alikula kwa kijiko.

Nyumbani walikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa miaka saba, aliyeitwa Kipipa kwa sababu hakujua kususa. Mtoto wa kulamba sufuria. Kesho yake alisukuma sahani pembeni akisema ameshiba, baba yake akatania kwamba sasa mchele utafika mwisho wa mwezi. Siku ya nne ya kushiba utani ulikwisha. Uso ulikuwa umechongoka, mikono imekuwa vijiti, ila tumbo lilikuwa limevimba na kukaza, na usingizini alisaga meno kwa sauti ya mtu anayepepeta changarawe. Zahanati walimpa dawa ya minyoo. Aliitapika, nyeusi.

Mama yake alimkuta mchana wa siku ya tano, nyumba imetulia, jua linawaka, redio ya jirani inasoma habari. Kipipa alikuwa amekaa stoo katikati ya stendi na miavuli, zipu ya mfuko imefunguliwa mpaka mwisho, na alikuwa akila kwa mkono mzima, kwa utaratibu, kama alivyofundishwa kula mbele ya wageni, akifinyanga tonge la udongo uliolowa ambalo ndani yake vitu vyeupe vilijikunja na kujikunjua, akilisukuma mdomoni, akitafuna vile vinavyotafunika na kumeza visivyotafunika, huku mate meusi yakimtiririka kidevuni mpaka kwenye gauni. Mfuko mmoja ulikuwa umebaki nusu.

"Mama, usimwambie baba," alinong'ona. "Amesema nikimaliza ataacha kulia."

"Nani amesema, mwanangu?"

Kipipa alilionyesha tumbo lake.

Mganga waliyemwendea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani minene, mtu wa maneno machache. Aliubonyeza mfuko kwa kidole, akalibonyeza tumbo la mtoto, akanawa. Aliwaambia kwamba wamemchota mwenyeji pamoja na makao yake, na kwamba udongo wote urudi shimoni leoleo, pamoja na uliomo tumboni.

"Akifikisha mfuko wa pili hatakuwa mtoto tena," alisema. "Atakuwa mfuko."

Walifika kwenye gofu saa tisa alasiri. Bwana Stendi, ambaye mizaha ilikuwa imemwisha kabisa, alimimina mifuko mmoja baada ya mwingine juu ya shimo, akiziba pua kwa shati. Mganga alisoma anayoyasoma, akamnywesha Kipipa maji, akamkalisha ukingoni. Mtoto akatapika. Ulitoka udongo, zikatoka nywele zilizosokotana kama kamba, wakatoka funza walionona ambao walikimbilia shimoni wenyewe kana kwamba wanaijua njia, na katikati ya kutapika ikatoka sauti, nzito, ya mtu mzima aliyeamshwa vibaya.

"Mlinichota wenyewe. Mimi sikubisha hodi."

"Umerudishwa kwako," mganga alisema. "Toka."

"Kwangu baridi. Humu kuna joto. Siachi tumbo bila tumbo."

Mganga alimgeukia Mama Picha na kumnong'oneza asikubali neno lolote, kwamba majini huanza hivyo, kwamba yeye mganga apewe siku saba atamtoa bila kumpa kitu. Lakini Mama Picha alikuwa akimtazama mwanawe, midomo iliyoanza kugeuka rangi ya ini, macho yaliyopinduka, ngozi ya tumbo iliyokazana mpaka ikang'aa na chini yake kitu kikipita polepole kutoka ubavu huu kwenda ule, na siku saba hakuziona popote katika ule mwili. Kinyaa kilimpanda mpaka kikamtoa machozi. Aliinama, akachota gao moja la kile kilichotapikwa, cha vuguvugu, chenye nywele, chenye kutambaa, akafumba macho, akameza.

Kipipa akapiga chafya. Tumbo likashuka, rangi ikarudi, akaanza kulia kilio chake mwenyewe, cha kitoto, akisema ana njaa, anataka mkate. Baba yake alimbeba akakimbia naye garini, akicheka na kulia kwa pamoja, akimwahidi mkate wa duka zima.

Mganga alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimwambia Mama Picha ainuke sasa, waondoke, yanayobaki watayazungumza njiani. Mama Picha alijibu kwa upole kwamba anakuja. Bado alikuwa amechuchumaa ukingoni, amewapa mgongo, mabega yake yakienda juu na chini taratibu, na mganga alipomzunguka kumwona uso alikuta mashavu yamejaa.

Gao la kwanza alilimeza kwa ajili ya mwanawe. La pili hakuna aliyemlazimisha.