Zamu ya Mwanamke wa Utepe Mweusi

Harufu ya tope la bahari ilianzia mlangoni, mchana kweupe, na nyumba ya kina Crisanta iko mlimani, mbali kabisa na maji. Mama yake akapiga deki mara ya pili huku akinung'unika, nesi gani huyu anayeingia ndani na viatu vichafu. Viatu vilikuwa nje.

Tangu kimbunga kikipige kisiwa cha Leyte na bahari kuingia mjini, Crisanta alikuwa nesi kwenye timu ya misaada, wakitibu majeruhi kwenye shule iliyogeuzwa hospitali. Asubuhi hiyo ndiyo aliruhusiwa kuja kumwona binti yake, Ningning. Kwa hamu ya mtoto akadandia pikipiki moja kwa moja hadi nyumbani. Sasa, kwao hata mlevi anajua: ukitoka kwenye maiti hukimbilii nyumbani. Unapita dukani, unakaa kidogo, marehemu aliyekufuata abaki hukohuko. Wanaita pagpag. Nesi mzima akasahau!

Kabla jua halijapinda, Ningning akapandwa na homa. Akanyweshwa dawa, homa isishuke. Akawa anasogea ukutani, kama anayempisha mtu kitandani.

"Mama, huyu shangazi ana baridi," akanong'ona.

"Shangazi gani, mwanangu?"

"Huyu. Anasema anangoja zamu yake."

Kwa neno hilo Crisanta akamjua, alikuwa yule mwanamke aliyelazwa chini ya ubao wa darasa, kifua kimepondwa, yule ambaye yeye mwenyewe alimfunga utepe mweusi mkononi, utepe wa wale ambao dawa kidogo iliyopo haipotezwi kwao, na macho yake bado yalikuwa wazi, na alimshika nesi mkono wa shati, na nesi akamwambia subiri kidogo dada, zamu yako inakuja, kisha akaenda kwa wale wa kupona na hakurudi tena mpaka walipomfunika kwa pazia. Kikazi hakukosea. Alijiambia hivyo njia nzima, na moyo ulikataa.

Mama yake akamwita Mzee Pidyong, mganga wa jirani. Mzee akadondosha nta ya mshumaa kwenye beseni la maji, akaitazama ilivyoganda, akateremsha sauti.

"Mtoto hana kosa. Huyu anamtaka nesi wake. Ulimwambia asubiri, naye anasubiri."

"Mfukuze, babu. Nakuomba."

"Aliyeambiwa asubiri hafukuzwi. Toka wewe, atakufuata. Kaa naye penye watu, pengine atakupotea. Lakini akikaa hapa mpaka giza, zamu ataichukua kwa uhai wa mtoto."

Crisanta akatoka bila hata kumbusu binti yake, akiogopa kumgusa. Akateremka mlima, na nyuma yake nyayo zilizolowa zikaja, chwaa, chwaa, akienda haraka nazo haraka, akisimama nazo kimya, na ile harufu ya tope ikamjaa kooni mpaka akawa anapumua kwa mdomo, akisali sala alizofundishwa utotoni na kuzichanganya zote. Akafika duka la mikate lililoezuliwa paa na kufunikwa turubai. Watu walikuwepo, wanaongea, wanacheka hata. Akajitupa kwenye benchi na kushusha pumzi.

Muuza mikate akaleta vikombe viwili vya kahawa.

"Mwenzio ameloa hivi, mbona humpi hata taulo?" akamlaumu.

Crisanta hakugeuka. Benchi lilikuwa limebonyea upande wa pili, na maji yalikuwa yakimtiririkia miguuni. Akahamia kiti kingine. Maji yakahamia naye.

Simu ikalia. Mama yake alikuwa akilia kwa furaha: homa imekatika ghafla, Ningning anataka uji wa mchele, anamuulizia mama yake, basi arudi upesi wale pamoja.

Kitu baridi kilikuwa kimemshika Crisanta mkono wa shati.

"Mpe uji, Mama. Funga mlango," akasema. "Na ukinisikia nabisha hodi, hata nikilia, usinifungulie."