Malata Tumboni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema hili mapema, ndugu zangu wa ziwani, ili pasiwe na mtu wa kujisumbua kumtafuta mwingine.

Mnanijua. Ni Ba Elliot, fundi wa baiskeli pale Kabuta. Kila anayebeba samaki kwenda mbali na ziwa husimama kwangu kujaza upepo, na akiondoka huwa amejazwa maneno pia. Marehemu mama yangu alitoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo nyumbani kwetu Kiswahili si cha biashara tu. Tunakula nacho.

Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa limetulia. Wanawake walikuwa wametandaza chisense mchangani, wale samaki wetu wadogo wanaong'aa. Binti yangu Mutale alikuwa akifukuza kuku, na mgongoni amembeba Chilufya, mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa anahara tangu Jumapili, mara ya tatu tangu mvua zianze. Ndipo akafika Ba Dorica, mama jirani yetu anayejitolea kugawa dawa za chama kimoja cha misaada. Akampa Mutale pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, kisha karatasi yenye vidonge kumi.

"Hii inaitwa zinki," akasema. "Kila siku moja, unayeyusha ndani ya kijiko ya maji. Hata kuhara ikisimama, usiache. Siku kumi yote."

Kunyamaza kulinishinda.

"Zinki? Ile ya malata?" Nikaonyesha bati za paa langu. "Mama, sasa munataka kuezeka batoto! Mvua ikinyesha, tumbo italia ngo-ngo-ngo!"

Wanawake walicheka mpaka kuku wakapata nafasi ya kujisevia. Mama Clémentine, mchuuzi wa samaki kutoka Kongo, alicheka kuliko wote. Alipopanda boti kwenda kisiwa cha Chisenga alikuwa bado anafuta machozi. Ba Dorica peke yake hakucheka.

"Cheka tu, Ba Elliot," akasema. "Lakini mutoto amalize dawa."

Chilufya alikunywa dawa siku tatu, choo kikawa kizuri, akaanza tena kunivuta ndevu. Siku ya nne Stéphane, mwendesha boti anayekwenda na kurudi Chisenga, akaniletea gurudumu lililopinda.

"Papa, umesikia?" akaninong'oneza. "Kule kisiwani kuko mutoto, walimupa dawa ya wazungu, tumbo ikakuwa ngumu sawa bati. Ukigonga, inalia. Mama yake hata kula hakuli."

"Mungu wangu! Mutoto wa nani?"

"Wa muvuvi mumoja. Mutoto anaitwa Webby. Voilà, hata jina iko."

Hata jina lipo! Niliacha spana mchangani nikakimbia nyumbani.

"Mutale! Leta ile dawa!"

"Tata, imebaki saba. Na mutoto iko muzuri nayo."

"Leta, nakwambia!"

Nikavitupa vyote saba ziwani, nikasema basi waezekwe samaki. Msomaji, hebu nitazame vizuri hapo: mzaha ule ule, kwa mdomo ule ule, na bado akili yangu haikushtuka.

Wiki ya tatu kuhara kukarudi, safari hii pamoja na kutapika. Asubuhi ya pili Chilufya alikuwa analia bila machozi. Macho yalikuwa yamezama, na Mutale alipombana ngozi ya tumbo, ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Nikawapakia nyuma ya baiskeli, nikakanyaga kwenda kliniki ya Kafutuma. Ba Dorica akatufuata kwa baiskeli yake.

"Anapumua, Tata," Mutale alikuwa akiniambia kila tulipopita shamba la muhogo. "Anapumua."

Kisha tukapita shamba moja, la pili, la tatu, naye hakusema neno. Nilitaka kugeuka, nikaogopa. Nikakanyaga. Mnyororo ulikuwa unakwaruza, mimi fundi mzima, baiskeli yangu haina mafuta.

"Tata, usisimame," akasema mwishowe.

Kliniki, nesi Claire hakupoteza muda kutusalimu. Alianza kumnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, taratibu, mtoto akitapika yeye anangoja kidogo, anaanza tena. Huku mkono unafanya kazi, akauliza: "Ile zinki ya kwanza alimaliza?"

Mutale akatazama miguu yake. Alikuwa ananificha, maskini, na mimi ndiye mzazi.

"Niliitupa miye," nikasema. "Sababu kule Chisenga kuko mutoto, tumbo yake ukigonga inalia ngo..."

Nikaitambua sauti yangu mwenyewe.

"Maliza, Ba Elliot," akasema Ba Dorica. "Inalia namna gani?"

Neno langu lilivuka maji likicheka, likarudi linalia, limejipatia jina la mtoto na mama mwenye huzuni, nami niliyelizaa nikalikaribisha kama mgeni.

Jioni Chilufya akanikojolea mapajani. Claire akapiga makofi: maji yamerudi mwilini. Sijawahi kulowana nikashukuru namna ile. Tulikaa pale siku tatu, na tuliporudi nyumbani kila kidonge tulichopewa upya nilikiyeyusha kwa mkono wangu, mpaka cha kumi.

FUNZO

Wazazi wenzangu, zinki ya dawa si bati. Ni kitu kidogo ambacho mwili wa mtoto unakihitaji ili akue na apambane na maradhi. Kuhara kunakiondoa, na bukari, huo ugali wetu wa muhogo, peke yake hairudishi cha kutosha. Choo kikiwa kizuri dawa haijamaliza kazi. Siku zilizobaki zinamkinga kwa miezi inayofuata. Mpeni mpaka mwisho. Chisense wetu nao wana kitu hicho hicho, lakini tunawafunga wote kwenye magunia na watoto wetu wanabaki na harufu. Wabakishieni kiganja kimoja. Nanyi wenye midomo myepesi kama wangu, kabla ya kuchekesha watu juu ya dawa, fikirini yule atakayesikia wa mwisho. Yeye hatajua kwamba ulikuwa mzaha.

Lakini mzaha wangu ulikuwa bado umeifungia dawa njia kisiwani: boksi mbili za vidonge zilirudishwa kutoka Chisenga hazijafunguliwa. Nikapanda boti pamoja na Ba Dorica, na Mutale akiwa amembeba Chilufya, kwenda kuumeza mzaha ule mbele za watu. Mvuvi mmoja, Kabaso, alitusikiliza amekunja mikono. Mwanawe mdogo Given alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango, anahara siku ya nne.

"Ile uongo ilikuwa yangu," nikamwambia. "Hakuna mutoto anaitwa Webby. Hakuna tumbo ya bati."

"Wamekutuma."

"Nani anitume miye? Muangalie mujukuu wangu. Alikunywa kumi yote."

"Ba Elliot, zinki ni kitu ya nyumba!" Akaonyesha paa lake jipya. "Niliezeka mwenyewe, naijua. Kwa tumbo ya mutoto inatafuta nini?"

Ba Dorica akamweleza. Nami nikamweleza. Alitikisa kichwa tu, na watu waliosimama pale wakaanza kutikisa pamoja naye.

Mutale akampandisha Chilufya vizuri mgongoni.

"Tata Kabaso, nyumba yako ilivuja, ukaiwekea zinki," akasema, na kwa kidevu akaonyesha mkekani. "Huyu anavuja leo siku ya nne. Umemuwekea nini?"