Diski ya Marehemu Melkizedeki

Nilifika kwetu Bombo, juu milimani, jua likizama, mgongo unaniuma, begi la vifaa begani. Mama yangu anaishi peke yake, na siku hizi anasahau sana. Huinjika chungu, akatoka, akapotelea migombani. Majirani wamechoka kumtafuta, nami nimechoka kupigiwa simu nikiwa kibandani kwangu mjini Same, ninakotengeneza redio na ving'amuzi. Nikaamua kumfungia kamera sebuleni, niwe namwona kwa simu.

Diski ya kuhifadhi picha sikununua. Niliitoa kwenye king'amuzi kibovu, aina ile inayorekodi vipindi, alichoniletea mama mmoja aitwaye Asteria. Kilikuwa cha mumewe, Melkizedeki, aliyefariki majuzi.

"Ukoo umeshakaa kugawa vitu?" nilimuuliza, maana kwetu vya marehemu haviguswi kabla ya hapo.

"Umeshakaa. Kichukue tu, dada. Kinanguruma hata nikichomoa waya."

Nilicheka. Vipindi alivyorekodi mumewe havikuweza kufunguka nje ya king'amuzi chenyewe, kwa hiyo nilivifuta vyote. Diski ikabaki tupu, nzima kabisa.

Basi nikafunga kamera juu ya mlango. Mashine yake ya kurekodia, yenye ile diski, nikaiweka kabatini. Nikaiwasha, nikaenda jikoni kupasha makande.

Nikamsikia mama anaongea.

Taratibu... kama mtu na mgeni wake.

Nikafungua simu nitazame. Mama yuko kwenye kochi. Kando yake, kwenye stuli, mwanamume mwenye koti jeusi. Amekaa wima. Anaitazama runinga iliyozimwa.

Nikakimbia sebuleni.

Stuli ilikuwa tupu. Na harufu... ya udongo mbichi, uliotoka kuchimbwa.

"Mama, ulikuwa unaongea na nani?"

"Punguza sauti," akanong'ona. "Mgeni hajaondoka."

Kabatini, mashine ilikuwa inanguruma. Nikachomoa waya.

Ikaendelea.

Nikampigia Asteria, nikamuuliza tena kama kweli ukoo ulishakaa.

"Nisamehe, dada. Hawajakaa bado. Ile sauti ilinishinda."

Akakata.

Sikuwa na nguvu hata ya kumkasirikia. Nikafungua mashine, nikaing'oa diski, nikaifunga kwenye khanga. Ilikuwa ya moto, na bado inazunguka. Nilijiambia kesho nitashuka nayo, niirudishe kwa wenyewe. Kisha nikakumbuka. Diski naweza kuirudisha. Yaliyokuwemo siwezi, wala hakuna fundi anayeweza. Hapo ndipo hofu iliponishika kwelikweli.

"Anataka nini, mama?"

"Vitu vyake. Anasema kuna mtu amevifuta. Aliniuliza ni nani."

Mama yangu, ambaye asubuhi ile kwenye simu aliniita kwa jina la marehemu shangazi, alinitazama usoni. Macho yake yalikuwa maangavu. Nilikuwa sijayaona hivyo kwa muda mrefu, na nilitamani kulia.

"Ukamwambia nini?"

Akanishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi.

"Nimemwambia ni mimi."

"Mama!"

"Nyamaza, Irine. Nenda kalale, mwanangu, umechoka."

Kisha akajisogeza pembeni ya kochi, akakung'uta mto, ili mtu apate kukaa.